Kinini ya haraka peke yake haitoshi



Leo hatutaongea mushahara, wala prime ya usiku, wala viatu vya usalama. Tutaongea jambo lenye banaume mingi banaachilia bibi zao, na lenye bibi mingi banaachilia mutu wa farmasi. Ni dawa ya haraka ya kuzuia mimba, yenye mu Kifaransa banaita pilule du lendemain, na sisi tunaita kinini ya kesho yake. Bamoja batauliza: sendika inatafuta nini mu chumba cha kulala cha batu? Jibu ni fupi. Shida hiyo inatoka mu programu ya kazi yetu, inarudia mu mushahara wetu, na dawa yake inaweza kuandikwa mu mapatano yetu na kampuni. Basi ni kazi ya sendika.

Angalieni vile kazi ya mine inapangwa leo. Mutu anakaa Lubumbashi, ku Katuba, ku Ruashi, ku Kenya ao ku Kampemba, lakini mugodi wake iko Fungurume, Kolwezi, Kambove ao njia ya Sakania. Anaenda juma mbili, juma tatu, saa ingine mwezi muzima. Halafu anarudi siku chache za mapumuziko. Bibi naye anafanya hesabu yake: bwana haiko, sasa kinini ya kila siku nameza ya nini? Tarehe ya shindano ya miezi mitatu inapita, anasema ataenda wakati bwana atakaribia. Kisha programu inageuka, mashine imeharibika ku site, batu banarudishwa mbele ya siku yao. Bwana anafika siku ya posho pasipo kujulisha. Kapoti hamuna mu nyumba, ao ilikuwako na imepasuka. Siku ya kazi moja asubui, bwana ameshapanda basi. Bibi anabaki peke yake na kuhesabu siku mu kichwa.

Hapo njo njia zinagawanyika. Bamoja banakunywa maji ya chumvi, ao banakunywa pombe kali, ao banameza kinini za malaria nyingi kwa mara moja. Tuseme wazi: hakuna hata moja mu hizo yenye kuzuia mimba. Kinini ya malaria, quinine, ukimeza kupita kipimo inaweza kuharibu masikio na moyo. Bengine banaenda farmasi, bananunua kinini ya kesho yake, banameza, banashukuru Mungu. Hao balifanya vizuri. Lakini mwezi wenye kufuata, bwana anarudi tena, na hesabu inaanza upya.

Ndugu, hapo njo pa neno letu la leo. Siku ile ile mwanamuke anafika kutafuta dawa ya haraka, apatiwe pia njia ya kumulinda miaka, kama yeye mwenyewe anaitaka. Asirudishwe nyumbani na kinini moja na neno la "utakuya siku ingine". Siku ingine, kwa mutu mwenye kulipa taxi, mwenye batoto bane nyumbani na bwana mbali, mara mingi haifikake.

Tueleze kwanza kinini yenyewe, sababu uongo juu yake ni mwingi. Ile yenye inapatikana mingi ku farmasi jina lake ni levonorgestreli, kipimo cha miligramu 1,5, kinamezwa mara moja. Ni vizuri kuimeza mapema yenye kuwezekana, mbele ya saa 72 kupita. Inaweza kusaidia mpaka siku ya tano, lakini kila siku yenye kupita inapunguza nguvu yake. Kazi yake ni kuchelewesha yai la mwanamuke kutoka. Kama yai lilishatoka, haifanye kitu. Kama mimba ilishashika, haiitoe na haiiharibu. Kwa hiyo mwenye kusema ni dawa ya kutoa mimba, anakosea.

Lakini kinini hiyo iko na mupaka, na farmasi mingi habausemake. Inalinda juu ya usiku wenye ulishapita. Hailinde usiku wenye unakuya. Tena, kwa sababu inachelewesha yai, yai hilo linaweza kutoka siku chache nyuma yake. Bibi mwenye alimeza siku ya kazi moja na kulala tena na bwana siku ya tano pasipo kinga, anaweza kubeba mimba mu juma hilo hilo, na kufikiri kama kinini ilikuwa ya uongo. Kinini haikuwa ya uongo. Ilikosa mwenzake.

Mwenzake anaweza kuwa wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni DIU ya mukuba, kile kidude kidogo chenye alama ya T chenye bamama banakijua kwa jina la stérilet. Munganga mwenye kufunzwa anakiweka mu tumbo la uzazi, kwa dakika chache, pasipo kupasua. Kikiwekwa mbele ya siku 5 kupita tangu usiku ule, kinafanya kazi mbili kwa mara moja. Kinazuia mimba ya juma lile, na kisha kinabaki kulinda miaka 10 ao kupita. Hapo hakuna hata haja ya kumeza kinini. Siku mwanamuke anataka mutoto, kinatolewa, na uzazi unarudi. OMS, ni kusema Shirika la Afya la Dunia, inakihesabu kuwa njia ya nguvu kupita zote za haraka.

Namna ya pili ni kumeza kinini ya levonorgestreli, na siku ile ile kuwekwa implanti mu mukono. Implanti ni kijiti kimoja ao viwili, laini, vyenye kukaa chini ya ngozi. Kufuatana na aina yake, kinalinda miaka 3 ao miaka 5. Zamani banganga balisema ungojee kwanza damu ya mwezi ikuye. Leo muongozo wa OMS unaruhusu kuanza siku ile ile, kwa mashariti mawili: kapoti ao kujizuia kwa siku 7 zenye kufuata, na kupima mimba kama damu haikuye nyuma ya juma tatu. Shindano ya miezi mitatu pia inaweza kuanza siku ile ile kwa mashariti hayo hayo, kwa mwanamuke mwenye hataki kitu mu mukono ao mu tumbo.

Kuko kinini ingine ya haraka, uliprista, yenye nguvu mpaka siku ya tano. Lakini hiyo haipatane na hormoni ya implanti ao ya shindano kwa siku moja. Mwenye kuimeza angojee siku 5 mbele ya kuanza hizo, na mu siku hizo atumie kapoti. Kwa hiyo mutu asitupe karatasi ya dawa. Aionyeshe munganga, kusudi ajue ni kinini gani imemezwa.

Sasa, ndugu bachimbaji, tusimame kidogo ku ile neno mukuba. Sisi tunajua mukuba wa kathodi, wa waya ya umeme, wa malori yenye kupanga mustari ku Kasumbalesa. Banganga pia banaujua. Mu miaka ya 1960, munganga mumoja wa Chile, Jaime Zipper, aliona kama mukuba mudogo mu tumbo la uzazi unazuia mimba. Chile ni inchi ya mukuba kama yetu. Zipper na munganga wa Marekani Howard Tatum baliunganisha mawazo, na hapo njo ilizaliwa DIU ya T yenye waya ya mukuba. Ile yenye kutumika sana leo inabeba milimita za mraba 380 za mukuba. Mu 1976, munganga Jack Lippes na benzake balitangaza kama kidude hicho, kikiwekwa nyuma ya tendo, kinazuia mimba pia. Ni kusema dawa hiyo haikuzaliwa jana, na batu habajaribiwi leo kwa mara ya kwanza.

Hesabu yake iko wazi. Mu 2012 bachunguzi balikusanya matokeo ya miaka 35, kwa banamuke karibu 7.000 benye baliwekewa DIU kama dawa ya haraka. Benye balibeba mimba habakufika 2 ku 1.000. Kwa kinini ya levonorgestreli, OMS inahesabu 12 mpaka 21 ku 1.000. Kinini ni nzuri, DIU ni nzuri zaidi, na tena inabaki. Mu 2021, uchunguzi wa Marekani ulilinganisha DIU ya mukuba na ile yenye hormoni. Ku banamuke 321 ba mukuba, hakuna hata mumoja alibeba mimba. Ku 317 ba hormoni, alibeba mumoja. Zote mbili ni za nguvu, lakini ya mukuba njo yenye bei kidogo.

Na bei yenyewe ni hii. Mu soko la mashirika ya Umoja wa Mataifa, DIU ya mukuba haifike dola moja. Implanti, tangu 2013, bei yake ilishushwa ku dola 8,50 kwa ajili ya inchi kama zetu. Botine moja ya usalama inapita hapo. Kampuni yenye kusema haina feza kwa dawa hiyo, tuiombe ituonyeshe hesabu yake.

Tusifiche upande mwingine. DIU ya mukuba inaweza kuongeza damu ya mwezi na maumivu ya tumbo, zaidi miezi ya kwanza. Mwanamuke mwenye upungufu wa damu aseme mbele. Haiwekwi kwa mwenye mimba, wala kwa mwenye ugonjwa wa zinaa wenye kuonekana, mupaka atibiwe. Inatakiwa mutu mwenye kufunzwa, na vyombo safi vyenye kuchemshwa. Implanti inaweza kuvuruga siku za damu: mumoja anapata matone kila siku, mwingine anakosa damu miezi. Hiyo haiui mutu, lakini mwanamuke aambiwe mbele, kusudi asiogope na kusema balimuharibu. Na hakuna hata moja, kinini, mukuba wala implanti, yenye kuzuia sida ao magonjwa mengine ya zinaa. Bwana mwenye kulala miezi mbali na nyumba anajua juu ya nini tunakumbusha hilo. Kapoti inabaki na kazi yake.

Kuko neno lingine lenye kutuhusu sisi ba mine kupita batu bote. Vumbi ya chini inaharibu mapafu, na mapafu yenye kuharibika inapokea tuberkulozi mbiyo. Bwana anakuya nayo nyumbani, bibi naye anaipata. Mu dawa za tuberkulozi muko rifampisini. Rifampisini inapunguza nguvu ya kinini ya haraka, na ya implanti pia. Efavirenzi, dawa moja ya VIH, inafanya vilevile. Dolutegraviri, yenye batu mingi banameza leo, haina shida hiyo. Basi mwanamuke mwenye kumeza rifampisini ao efavirenzi aseme kwa munganga. Kwake DIU ya mukuba njo njia ya kwanza, sababu mukuba haugombani na dawa hizo. Kama haipatikane, munganga ataona kama anaongeza kipimo cha kinini. Tena, ku mwanamuke mwenye uzito mingi, levonorgestreli inaweza kupunguka nguvu. Mukuba hauangalie kilo.

Kwa mwenye kushikwa kwa nguvu, ku njia ya kazi ya usiku ao mahali popote, neno ni lingine na ni la haraka zaidi. Aende ku lupitalo mbele ya saa 72 kupita, sababu mu saa hizo njo kuko dawa ya kuzuia VIH pamoja na kinini ya haraka. Munganga atapima kama DIU inafaa, sababu ya hatari ya magonjwa. Asiende peke yake. Na sisi mu délégation syndicale tuwe batu benye kumusindikiza, hatupashwi kuwa bahakimu ba kumuuliza alivaa nini.

Sasa tujibu benye kukataa. Kwanza dini. Sisi mingi tuko ba misa na ba ibada, na hakuna mutu wa sendika mwenye kuamuru roho ya mwenzake. Papa Paulo VI, mu 1968, mu barua yake Humanae Vitae, alikataza dawa za kuzuia mimba, na Mukatoliki anajua hilo. Lakini ajue pia kama mu 1961, wakati Congo yetu ilikuwa mu moto, bateolojia batatu ba Roma baliandika mu gazeti Studi Cattolici kama masista benye hatari ya kushikwa kwa nguvu baliweza kumeza kinini za kuzuia mimba. Ni kusema hata kule juu batu balipima, balitofautisha, baliangalia hali ya mutu. Kila nyumba ipime na zamiri yake. Lakini asiyetaka asimufungie mulango mwenye kutaka.

Pili, neno la "bibi hawezi kufanya hiyo pasipo ruhusa yangu". Ndugu, sheria ya afya ya inchi yetu, n° 18/035 ya tarehe 13 desemba 2018, inaongea hilo. Inaomba bibi na bwana bapatane. Lakini kama habapatane, mapenzi ya yule mwenye dawa itaingia mu mwili wake njo yenye kupita. Kwa hiyo munganga mwenye kurudisha mwanamuke paka kwa sababu hakukuya na bwana, ao hakuleta karatasi yenye sahihi ya bwana, hafuate sheria hiyo. Sisi tunapenda mapatano. Mutu muzuri anaongea na bibi yake mbele ya kupanda basi. Lakini mu siku tano, wakati bwana iko chini ya mugodi mu Kolwezi na simu haishike, mapatano yatafanyika wapi?

Tatu, maneno ya mu kiwanja: eti DIU inapandaka mupaka ku moyo, eti implanti inakausha tumbo. Hapana. DIU inakaa mu tumbo la uzazi. Inaweza kutoka yenyewe, na mara chache sana inaweza kutoboa wakati wa kuweka, na hiyo njo sababu tunaomba mutu mwenye kufunzwa. Kwenda ku moyo haiende. Na implanti ikitolewa, uzazi unarudi.

Mutaniambia: babu zetu balizala kumi, na bote balikula. Ni kweli, na mu Katanga tunajua juu ya nini balikula. Union Minière, tangu mwisho wa miaka ya 1920, iliona ni bei kidogo kukomalisha batumishi hapa hapa kuliko kuwatafuta mbali kila mwaka. Ilijenga makambi, ikaleta bibi, ikahesabu batoto mu posho, ikaweka banganga ba kuzalisha na kupima batoto. Munganga wake Léopold Mottoulle alitoa mu 1946 kitabu juu ya miaka 20 ya politiki hiyo. Mimba ya bibi wa mutumishi ilikuwa mu hesabu ya kampuni, sababu mutoto wa leo alikuwa mutumishi wa kesho. Gécamines, nyuma ya 1967, iliendelesha: posho, masomo, lupitalo. Mutoto wa saba alikuwa na unga wake.

Hiyo dunia ilianguka. Gécamines ilitosha tani karibu 476.000 za mukuba mu 1986, na nyuma ya miaka michache ilibaki hata si moja ya kumi. Mu 2003, batumishi kupita 10.000 balitolewa mu ile programu yenye baliita départs volontaires, na mwenye kuishi hapa anajua kama volonté haikuwa mingi. Leo mutu anatumika ku sous-traitance, kontra ya miezi mitatu, miezi sita. Unga wa mutoto wa saba hauko mu kontra. Na dada zetu benye kuendesha malori na mashine, mwenye tumbo yake inaonekana anaogopa kama kontra haitaandikwa tena. Zamani kampuni ilitaka tuzale. Leo kampuni ingine inataka tusizale. Sisi hatutaki kampuni itake kitu. Tunataka nyumba ya mutumishi ihesabu yenyewe, na ikishahesabu, ipate chombo cha kufanya hesabu yake.

Maana hesabu ya inchi ni nzito. Uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulionyesha batoto 6,6 kwa kila mwanamuke mu Congo, na ku banamuke 100 benye bwana, paka 8 njo balitumia njia ya kisasa. Uchunguzi huo ulihesabu bamama 846 benye kufa kwa kila batoto 100.000 benye kuzaliwa bazima. Mingi balizikwa sababu ya mimba za karibu karibu, ao mimba yenye mutu alitaka kuitosha mu giza. Neno "naissances désirables" si geni kwetu. Kamati ya inchi yenye jina hilo iliundwa mu 1973. Miaka inaenda mu hamsini na kitu, na mwanamuke angali anapewa kinini moja na kurudishwa.

Kwa hiyo sendika inaomba mambo haya, na tunaomba kila délégué ayabebe ku meza.

Moja, dispanseri ya kampuni na lupitalo yenye kuwa na mapatano nayo ziwe na kinini ya haraka, DIU ya mukuba na implanti, na zitolewe siku moja. Code du travail ya 2002 inamupa mwajiri muzigo wa matunzo ya mutumishi na ya jamaa yake. Jamaa ni bibi pia, na matunzo si Paracétamol peke yake.

Mbili, kila dispanseri iwe na infirmière ao sage-femme mwenye kufunzwa kuweka na kutosha, na awe mu kazi siku za mapumuziko pia. Siku tano haziangalie yenga wala siku kuu.

Tatu, kutosha kuwe bure kama kuweka. Mwenye kuwekewa implanti bure na kuombwa feza wakati wa kuitosha, huyo hakupewa uhuru. Na kusiwe mutu mwenye kusukumwa. Mwenye kutaka paka kinini, apewe kinini na heshima yake.

Ine, siri. Jina la mwanamuke lisipande ku ofisi ya personnel. Karatasi ya dispanseri iseme matunzo, basi.

Tano, batumishi ba sous-traitance bahesabiwe sawa na bengine. Na bibi za bacreuseurs, benye habana kampuni nyuma yao, bapokelewe ku vituo vya afya vya serkali pasipo kurudishwa juu ya stoki kukosa. Hapo tunaongea na zone de santé na programu ya inchi ya afya ya uzazi, PNSR.

Ku ndugu ba farmasi tunaomba kidogo: wakati munauzisha kinini ya kesho yake, ongezeni maneno mawili. Ambieni huyo mama kama iko na siku 5 za kuwekewa mukuba, na kama hiyo kinini hailinde juma lenye kufuata. Maneno hayo hayapunguze biashara yenu.

Na ku banaume benzangu: mbele ya kupanda basi siku ya kazi moja, uliza bibi yako kama juma hili muko salama. Kama hamuko, muachie feza ya taxi na uende kazi na roho yenye kutulia. Mutu anavaa kaski mbele jiwe halijaanguka.